Bei ya Weupe

Kikao cha mahari kilifanyika chini ya mkwaju, nje kidogo ya Maganzo, kwenye boma la mkulima wa pamba. Sisi wa upande wa muoaji tulikalia mabenchi yaliyoazimwa shuleni, wenyeji walikalia vigoda. Mazungumzo yalikuwa yamekwama kwenye idadi. Mshenga wetu alisimamia ng'ombe kumi na wawili na hakutaka kusogea. Ndipo mjomba wa binti, mzee mpole ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema kitu zaidi ya "mwangaluka", akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, binti mmemwona. Rangi yake mmeiona. Yule si wa kumi na wawili."

Watu wakacheka kwa kukubali. Mshenga wetu naye akacheka, nikajua tumeshindwa. Muda huo mdogo wake bibi harusi alikuwa akipita na jagi na beseni, akitunawisha mikono. Alikuwa na umri wa miaka 13 hivi, mweusi wa kung'aa, amefanana na dada yake kwa kila kitu isipokuwa rangi. Alinimiminia maji akiwa ameinama. Nilipokwisha kunawa maji yaliendelea kumwagika, kwa sababu mtoto alikuwa akimsikiliza mjomba wake.

Tukizungumzia vijana na wanavyoiona miili yao, tumezoea kuanza na simu. Tunasema mitandao imewaharibu, utandawazi umewaharibu, wasanii wa Dar es Salaam wamewaharibu. Simu ina makosa yake, nami nitayafikia. Lakini boma lile lilikuwa na simu moja, ya mshenga, ile ya kitochi. Binti mwenye jagi hakuhitaji mtandao wowote kumwambia ana thamani gani. Aliambiwa na mjomba anayempenda, mbele ya wageni, kwa sauti ya upole.

Weupe unaosemwa hapa si wa Mzungu. Huku wilayani Kishapu, kama ilivyo Usukumani kote, mtu akisema "binti mweupe" ana maana ya rangi ya kahawia iliyofifia, nyeupe kidogo kuliko ile tunayoiita maji ya kunde. Hakuna orodha ya bei iliyobandikwa ukutani, na kila ukoo una hesabu zake: tabia, kazi, uzazi wa mama yake, jina la baba. Lakini rangi imo kwenye hesabu hiyo, na ndiyo pekee isiyohitaji kuulizwa majirani. Mzee atatuma watu wiki mbili kuchunguza tabia ya binti. Rangi anaiona tangu getini.

Kinachofuata mahari hiyo kina takwimu zake. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliuweka mkoa wa Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake waliohesabiwa walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, akashinda mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Ila sheria haiwezi kuingia katika kichwa cha mtoto wa darasa la sita anayejua kwamba siku kifua chake kikionekana, wakubwa watabadili namna ya kumtazama. Nimezungumza na wanawake wengi wa huku wanaoikumbuka siku hiyo zaidi kuliko siku ya harusi yenyewe. Mmoja aliniambia kuwa alikuwa akijifunga kitambaa kifuani, akakaza, akaenda shule hivyo muhula mzima, "ili baba asinione." Hapo kuuona mwili wako kuwa adui hakukutoka katika gazeti la mitindo. Mwili ulikuwa ukimwahidi baba yake ng'ombe, na yeye alitaka kumaliza shule.

Wilaya hii inajua vizuri biashara ya rangi. Mwadui, alikogundua almasi John Williamson mwaka 1940, ipo ndani ya Kishapu. Anayechambua almasi huangalia rangi mapema kabisa: jiwe jeupe, safi, lisilo hata na dalili ya umanjano, hupandishwa daraja. Lakini jiwe la Mwadui lililopata sifa duniani kote, lile la karati 54.5 la mwaka 1947, lilikuwa la waridi. Lilikuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, kisha likachongwa likabaki karati 23.6. Hata kwenye mawe, basi, weupe una bei pale tu wanunuzi wanapokubaliana, na wanaweza kukubaliana vingine. Tofauti ni kwamba jiwe halisikii mjadala.

Krimu za kujichubua nazo ni kongwe kuliko simu, na kuliko televisheni ya Tanzania Bara, iliyoanza mwaka 1994. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969. Vitu vilivyopigwa marufuku vilikuwa sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, na pamoja navyo krimu za kung'arisha ngozi. Maana yake mabinti wa miaka ile, ambao leo ni bibi zetu, walikuwa wanazipaka kiasi cha kuitia serikali hofu. Wakati ule kosa lilihesabiwa kuwa utumwa wa mawazo, na wasichana ndio waliovamiwa mitaani. Hakuna mwanamume aliyeulizwa kwa nini anamchagua mweupe.

Ukweli wa afya ulikuja miaka michache baadaye, na ulikuja kutoka jirani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu wagonjwa waliovimba uso na miguu kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Walipowahoji, wanawake wengi walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zenye zebaki.

Zebaki. Watu wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa hiyo ni nini.

Nenda Nyarugusu au Rwamagasa, upande wa Geita, ufike mwaloni, wanakosafishia dhahabu. Mawe yaliyotoka kwenye duara, shimo la wachimbaji, yamesagwa na karasha, unga umeoshwa, na kilichobaki chini ya karai ni mchanga mweusi mzito. Mchimbaji anadondosha zebaki humo, anakanda kwa mikono mitupu kama anayekanda unga wa chapati. Zebaki inakimbiakimbia, inameza chembe za dhahabu, inageuka donge la rangi ya fedha. Analikamua kwenye kipande cha kitambaa, analiweka kwenye jiko la mkaa, na moshi usio na rangi unapanda huku watu wamelizunguka jiko wakitazama. Dhahabu inabaki, ya manjano iliyokwaruzwa. Zebaki imekwenda hewani, na sehemu yake imekwenda mapafuni mwa waliokaa karibu, akiwamo mama aliyembeba mtoto mgongoni.

Sasa toka mwaloni uende Katoro, mji wa biashara unaolishwa na maduara hayo, uingie saluni yoyote yenye rafu ya vipodozi. Nilikaa kwenye saluni kama hizo siku kadhaa, nikisubiri na wateja. Fundi alikuwa anachanganya mkorogo kwa kijiko cha chai: losheni ya kopo kubwa, tyubu moja iliyokusudiwa kutibu ukurutu, tyubu nyingine yenye maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma, matone ya kitu kutoka kwenye chupa ya kahawia. Alikoroga mpaka ikawa rangi moja. Mteja alikuwa msichana aliyetoka vijiji vya Kishapu kuja kuuza chakula kwa wachimbaji. "Hii ya uso, hii ya mwili," fundi alimwambia, taratibu, kama muuguzi. "Na vidole usivisahau. Vidole ndivyo vinavyosema."

Ni kweli vidole husema. Ngozi ya vifundo ni nene, haikubali kuchubuka sawasawa na uso, hubaki na ule weusi tunaouita sugu, na kwa hiyo kuna tyubu ya tatu, ya kuondoa sugu. Tyubu za ukurutu mara nyingi huwa na steroidi, dawa ambayo ikipakwa miezi na miezi huikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana na kidonda kidogo huchelewa kupona. Haidrokwinoni, ikitumiwa muda mrefu, inaweza kuacha mabaka ya bluu iliyokolea ambayo hayafutiki. Zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, rangi yetu ya asili inayotukinga na jua, kisha hupenya hadi kwenye figo. Ni zebaki ileile ya mwaloni. Mchimbaji anaivuta kwa pua akitafuta dhahabu, na msichana anayemuuzia ugali anaipaka usoni ili mchimbaji huyo amtazame.

Serikali haikulala. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vilipigwa marufuku zamani, kwanza chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwishoni mwa mwaka 2023 uliamua vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Maboksi hukamatwa na kuteketezwa, picha zikapigwa. Mengine huingia kwa njia za panya, kwa sababu mteja yupo. Na kuna sababu nyingine ya mteja kubaki mteja. Mwaka 2011 mtafiti Kelly Lewis na wenzake walichapisha mahojiano yao na wanawake 42 wa Dar es Salaam waliojichubua. Wengine walisema wanataka kuwaridhisha wanaume au marafiki, na hilo lilitarajiwa. Lakini wapo waliosema wanaendelea kujipaka ili kuondoa madhara ya kujipaka. Ukiacha, ngozi inarudi na weusi wa mabaka, vipele na muwasho. Unarudi kwenye kopo kuficha kilicholetwa na kopo.

Msichana wa Katoro alilijua hilo. Nilipomuuliza kama haogopi, alinijibu bila hasira: "Kaka, mimi nikiwa mweusi naitwa 'wewe dada wa ugali'. Nikiwa hivi naitwa cheupe. Wewe ungechagua lipi?" Sikuwa na jibu, na bado naona ni swali la haki. Wanaopaswa kulijibu ni wanaume waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi yake wakisubiri sahani.

Simu imeingia katikati ya haya yote. Imefanya mambo mawili, na la kwanza halizungumzwi vya kutosha: imeondoa sura halisi kwenye picha. Zamani tuliopigwa picha studio Shinyanga mjini tulitoka weusi kupita tulivyo, macho na meno tu ndiyo yanaonekana, kwa sababu filamu za wakati ule zilipimwa kwa ngozi za Wazungu. Tulilalamika, tukajua kosa ni la picha. Leo mara nyingi kamera ya simu janja, hata ya bei ya chini, inakuja na kulainisha uso kukiwa kumeshawashwa kiwandani. Inafuta chunusi, inapunguza pua, inapandisha weupe, kabla mtu hajaomba. Binti wa miaka 15 anayejipiga picha kila siku amejizoesha uso ambao si wake, halafu anakutana na kioo. Safari hii anaona kosa ni la kioo, au la ngozi.

La pili ni kwamba simu imepanua gulio. Binti aliyekuwa analinganishwa na dada yake na mabinti wa kijiji cha pili sasa analinganishwa na kila mtu. Kipimo cha umbo nacho kimehama. Usukumani kunenepa kulikuwa sifa. "Umenawiri" ni salamu. Miaka ambayo Ukimwi uliwamaliza watu wetu, wembamba ulisomwa kama ugonjwa, na vijana wembamba kwa asili walinyanyapaliwa kwa kosa la mifupa yao. Kisha zikaja video za wanenguaji na neno "wowowo", na pamoja nazo dawa za Kichina za kukuza makalio, zinazouzwa mpaka minadani, hakuna ajuaye zimechanganywa na nini. Sasa yupo binti anayetaka tumbo la mwanamitindo wa Ulaya, nyonga za mnenguaji na rangi ya mama mdogo aliyeolewa kwa ng'ombe ishirini, vyote kwenye mwili mmoja unaolishwa ugali wa mtama na mlenda. Wavulana nao wana yao: kifua, urefu, mikono yenye mishipa kama ya waliokwishashuka duarani. Wanaumia kimyakimya. Ila nao ndio wanaochagua, na sijakutana na mvulana aliyekatishwa masomo kwa sababu ya rangi yake.

Kuna kisa kimoja cha mbali ninachokirejea mara kwa mara. Mwaka 1995 televisheni ilifika Nadroga, visiwani Fiji, mahali ambapo mwanamke mnene aliheshimiwa na kulishwa vizuri. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa sekondari mwaka huohuo, akarudi 1998 kuwapima wengine. Mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Becker aliona jambo ambalo naliona hapa: wasichana wale waliamini kwamba watu wembamba wa kwenye skrini wanapata kazi na pesa. Waliisoma miili kama njia ya kutoka walipo. Binti wa Kishapu anayeangalia simu ya rafiki yake naye haoni urembo mtupu. Anaona nyumba ya bati, bodaboda ya kumpeleka hospitali, mwanamume asiyepiga.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii. Katika ukanda huuhuu unaoongeza ng'ombe kwa ajili ya weupe, tangu mwaka 2006 na kuendelea zilianza kusikika kwa wingi habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo. Waganga matapeli waliwaambia wachimbaji na wavuvi kwamba viungo hivyo vinavuta dhahabu na samaki. Mwandishi Vicky Ntetema alijifanya mteja mwaka 2008, akaenda kwa waganga wa Kanda ya Ziwa na kuitangazia dunia alichoambiwa, kisha akalazimika kujificha. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino wa wilaya ya Bukombe. Watoto wengi walipelekwa Buhangija, Shinyanga mjini, kuishi shuleni nyuma ya uzio, mbali na mama zao.

Watu huniambia mambo haya mawili yanapingana: mnapendaje weupe na kuwaua weupe? Mimi sioni mpingano. Mjomba chini ya mkwaju alikuwa mtu mwema, muuaji ni muuaji, na siwaweki kapu moja. Lakini wote wamekulia penye mazoea ya kuitazama ngozi ya mtoto na kuuliza italeta nini. Mjini Moshi wanatengeneza krimu iitwayo Kilisun, ya kuwakinga na jua wenye ualbino ili saratani ya ngozi isiwaue vijana. Hiyo ndiyo krimu ambayo ningependa kuiona imejaa kwenye rafu za Katoro. Sikuiona.

Mwili wa mwanamke hapa hausomwi ujanani tu. Husomwa hata uzeeni, na kisa chake kinaanzia kwenye kuni. Miaka ya ukoloni misitu ya Shinyanga ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, mingine ikaliwa na mashamba ya pamba, mpaka mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, kurudisha miti na ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Kuni zilipoisha, wanawake walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake ni mkali. Miaka arobaini ya moshi huo kwenye jiko la mafiga matatu huyafanya macho kuwa mekundu, na macho mekundu ya kikongwe yamesomwa kuwa ya uchawi. Wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo, Shinyanga na mikoa jirani, mwaka baada ya mwaka.

Mara ya mwisho nilipokwenda Mhunze, humohumo Kishapu, nilifikia kwa mama mmoja mwenye macho ya namna hiyo. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amenunua simu janja kwa pesa za kibarua cha kuvuna pamba, na alikuwa akiipiga picha kila nguzo ya nyumba. "Bibi, tulia basi," alisema. Bibi akatulia, akaweka kanga vizuri begani. Simu ikafanya kazi yake. Ilimpunguzia makunyanzi, ikampaka weupe kidogo, na macho yakatoka meupe safi kama ya msichana.

Mjukuu alicheka, akaanza kumweleza kwamba simu imemdanganya, kwamba anaweza kukizima kile kitu na kumpiga nyingine ya kweli. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, karibu na uso.

"Usipige nyingine," alisema. "Hii hii. Uwaonyeshe majirani."